Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Kwenye gari langu kiti cha mbele cha kushoto kina mwenyewe. Mama mkwe akiwepo anakaa yeye, na mume wangu, hata kama alishakaa na kufunga mkanda, akimwona mama yake anatoka ndani anahamia nyuma kabla hajaambiwa. Mimi ni mtu wa bara, kwetu unakaa palipo wazi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba huku Kisarawe kumfungulia mzazi mlango wa nyuma wakati mbele pana nafasi ni kumtukana mbele za watu. Nimeshuhudia msafara wa harusi ukikwama pale Mzenga kwa sababu shangazi wa bwana harusi alionyeshwa kiti cha nyuma. Alikaa barazani, akavua viatu, akasema nendeni mkaoe, mimi nipo. Ilibidi mshenga ashuke mbele akambembeleze.

Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba kiti hicho ndicho kinachoweza kuua mtu, sikuwaza chuma wala damu. Nilimwaza mama mkwe.

Habari yenyewe ilianzia kwenye simu. Mtu aliturushia kwenye kundi la ofisi, hapa Kibaha, tangazo kwamba mtengenezaji anayaita magari yake ya miaka fulani yarudi kubadilishiwa eabegi, ule mfuko unaojaa upepo gari likigonga kitu. Nyuma ya mfuko kuna kijikopo cha chuma chenye baruti ya kuupuliza. Kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu baruti inaharibika, na siku ya kufyatuka kijikopo kinapasuka na kurusha vipande vya chuma kifuani na shingoni kwa aliyekaa mbele yake. Joto na unyevu, yaani ndiyo Pwani yetu hii tunayoishi.

Mchana tukakusanyika maegesho na kadi zetu za gari. Mwenzangu wa uhasibu alikuwa anaingiza namba za chesisi kwenye simu yake, na kila namba ikitoka kwenye orodha ya wanaoitwa, mwenye gari anacheka. Sijui kwa nini watu hucheka. Mmoja alisema Wajapani wanataka tu tununue magari mapya. Dereva wa bosi akasema la kwake fundi wa Mailimoja alishang'oa kila kitu, akajaza sponji, akashona juu, na sasa deshibodi ni nzuri kuliko ilivyokuja. Mhasibu mwenyewe, ya kwake ilipotokea, hakucheka. Alifunga simu, na baada ya siku chache nikaona picha ya gari lake mtandaoni na maneno kwamba halina shida yoyote, mmiliki anahama. Nikamuuliza anahamia wapi. Akaniambia, "Dada, usiniharibie."

Langu lilitoka pande zote mbili, wa abiria na wa dereva.

Nikawapigia mawakala wa mtengenezaji Dar es Salaam. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti tamu, ya mtu aliyefundishwa kutokasirika. Akasema matengenezo ni bure kabisa, ila spea hazijafika, watanipigia. Kwa sasa abiria asikae mbele.

"Na dereva?" nikamuuliza.

"Dereva apunguze safari zisizo za lazima."

Nikamuuliza kama dereva naye anaweza kukaa nyuma. Akasema, "Tunaomba radhi kwa usumbufu, dada." Damu ilinichemka. Mtu anakwambia una baruti mbovu mbele ya koo lako, halafu anaita usumbufu, kana kwamba maji yamekatika. Nikamwendea fundi wangu, naye akataka kukata waya palepale, lakini mawakala walikuwa wamenionya kwamba ikiguswa na asiyejua inaweza kumlipukia mkononi. Nikamzuia. Nikabaki nalo hivyo hivyo, naliendesha kwenda kazini na kurudi.

Kama ingekuwa ni kazini tu, ningeliacha nyumbani nikapanda basi. Lakini mama mkwe alikuwa na miadi ya macho.

Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa zamani, tukidhani ni uzee. La kulia lilikuwa limebaki na kitundu katikati, anakuona kama anakuchungulia kwenye tundu la ufunguo, ukisogea pembeni umepotea. Daktari alitueleza wazi kwamba upasuaji haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki, na kila mwezi unaopita kinapungua. Mabingwa walikuwa wanakuja hospitali ya Kibaha kwa siku chache, halafu wanaondoka. Safari iliyopita presha ya damu ilimpanda wakamwahirisha. Safari hii alipangiwa siku yao ya mwisho, asubuhi, na akiikosa hiyo hakuna aliyejua watarudi lini.

Kukodi gari lingine nilifikiria. Nikazunguka pale zinapoegeshwa teksi mtaani kwetu, nikayatazama: aina ileile, umri uleule, na wenyewe nikiwauliza habari ya eabegi wananishangaa. Angalau kwangu nilijua nimkalishe wapi.

Mume wangu anafanya kazi mpakani Tunduma. Nilimpigia nikamweleza habari ya kiti cha mama yake. Habari ya usukani niliimeza. Ningemwambia, angesema gari lisiguswe, na mama yake angebaki Mzenga na kitundu chake. Hata nusu niliyomwambia ilimtosha.

"Usimweke Mama nyuma," akasema.

"Sasa nimweke wapi?"

"Tafuta namna. Namna yoyote, ila asione ni makusudi."

Haya. Nikatafuta namna, na hapo ndipo nilipojiona nina akili. Kiti kikiwa wazi ni matusi, lakini kikiwa kimejaa ni bahati mbaya. Nikachukua sanduku letu kubwa la safari, nikalijaza mablanketi, chupa ya chai, ndoo ndogo na kila kitu ambacho mgonjwa angeweza kuhitaji, nikalikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Nyuma nikatandika shuka safi na mto. Nikatoka Kibaha alfajiri nikiwa najipongeza.

Mzenga walikuwa wameshaamka wote. Majirani walikuja kumwombea dua, wanawake wamekaa kwenye mkeka, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amesimama mlangoni na begi la mama yake. Mama mkwe alikuwa amevaa khanga mpya, amenyooka kwenye kiti, mikono juu ya fimbo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umeamka salama? Wajukuu?"

"Hawajambo, Mama, wanakusubiri."

Dua ikasomwa. Akainuka, akakataa kushikwa mkono, akalipapasa gari ubavuni akifuata bati kwa vidole mpaka kushoto mbele. Akafungua mlango mwenyewe. Mkono wake ukakuta sanduku.

"Nani huyu?"

"Ni sanduku, Mama. Vitu vya hospitali. Huko kwenye buti pamejaa, nikaona wewe upumzike nyuma, nimekutandikia vizuri."

Shemeji, kwa nia njema kabisa, akasema buti tutalipanga upya, akaenda kulifungua. Mlikuwa na tairi la akiba peke yake. Alisimama tu akiwa ameshika mlango wa buti juu, na watu wote kwenye mkeka wakatazama ndani ya buti, kisha wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe alikuwa bado ameweka mkono juu ya sanduku. "Mkwe," akasema taratibu, "sanduku hili limenizidi umri?"

Mwanamke mmoja aliguna. Hapo nikaona uongo umekwisha, nikasema ukweli, mbele ya watu wote, nikiharakisha maneno. Nikaeleza mfuko, kijikopo, baruti, vipande vya chuma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayetunga. Shemeji akasema hizo ni habari za mtandaoni. Mzee mmoja akasema yeye amepanda juu ya magunia ya mkaa mpaka Dar, na yupo. Wengine hawakusema, lakini niliyasoma machoni mwao: huyu wa bara hakutaka kukaa na mama wa watu mbele, sasa anasingizia gari.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo gari lina kitu cha kuua, na umekuja kunichukua nalo."

 

"Fungua nyuma," akasema. "Sipendi maneno mbele za watu."

Akaingia, akakaa nyuma yangu, akajifunika khanga kichwani na kugeukia dirishani. Tukaondoka Mzenga sanduku likiwa mbele limefungwa mkanda na mama wa watu nyuma. Kwenye kioo niliwaona wale wanawake hawajakaa, wamesimama wanatusindikiza kwa macho. Nikajua kabla sijafika Mlandizi habari itakuwa imeshafika Tunduma.

Njia ilikuwa kavu, vumbi jepesi, magari machache. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa mtindo wangu mpya: kiti nimekirudisha nyuma kabisa, mikono imenyooka, vidole vya miguu ndivyo vinavyofikia pedeli, ili koo langu liwe mbali na usukani kadiri inavyowezekana. Mama mkwe hakuongea. Ukimya wake naujua, huwa una uzito, unakufanya uombe radhi kwa vitu ambavyo hujafanya. Nikamuuliza kama anasikia joto. Kimya. Nikamuuliza kama anywe chai. Kimya.

Baadaye akasema, "Kiti chako kinanibana magoti."

"Samahani, Mama." Nikakisogeza mbele kidogo sana.

"Siku zote hukaa mbele huko, umeukumbatia usukani. Leo umerudi mpaka kwangu."

"Mgongo, Mama. Unaniuma." Uongo wa pili asubuhi hiyo. Nikakaza macho barabarani.

Tulikata njia ya Soga. Karibu na reli ile mpya kulikuwa na malori ya kokoto, na mojawapo lilikuwa linarudi nyuma kutoka pembeni, bila taa, bila mtu wa kuliongoza, tela lake likiingia njiani polepole. Vumbi lilinificha. Nilipoliona lilikuwa limeshajaa kwenye kioo chote. Nikakanyaga breki mpaka mwisho, gari likateleza kwenye changarawe, na katika kuteleza kule nilifanya kitu ambacho hakuna dereva anayefundishwa kukifanya. Niliachia usukani. Niliachia mikono yote miwili nikajishika koo, nikainamisha uso pembeni nikisubiri mlio.

Mlio haukuja. Gari lilisimama likiwa limekaa mshazari, bamba la nyuma la lori liko hapo mbele ya boneti, ningeweza kulisoma. Nikawa nahema. Sanduku lilikuwa limeinama kwenye mkanda wake. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili, khanga imeanguka mabegani, na kile kitundu cha jicho lake kilikuwa kimenielekea mimi moja kwa moja.

"Mama, umeumia?"

"Mbona uliachia usukani?"

Mikono yangu bado ilikuwa shingoni.

"Na kwako kipo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Kipo, Mama."

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

Akapapasa kitasa, akafungua mlango. "Shuka."

"Mama, tutachelewa. Wanaita majina asubuhi."

"Nimesema shuka. Siendi popote na gari hili, na wewe huendi."

Nilishuka nikiwa nimefura. Nikamwambia mambo ambayo mkwe hamwambii mkwe wake. Nikamwambia nimeamka usiku kwa ajili yake, nimeaibishwa kwao kwa ajili yake, kwamba hospitali hawamsubiri mtu, kwamba zimebaki kilomita chache tu na mimi naendesha gari hili kila siku na sijafa. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira. Dereva wa lori alikuwa anakuja kutufokea, akaona hali, akarudi alikotoka.

Mama mkwe alisimama pale kwenye vumbi, ameegemea fimbo, akinitafuta uso kwa kile kitundu mpaka akaupata.

"Mimi umenipanga nyuma," akasema. "Wewe umepangwa na nani?"

"Mama, ni jicho lako. Ndilo lililobaki."

"Najua ndilo lililobaki. Nikiliokoa leo, halafu kitu cha kwanza litakachokiona ni wewe umechanika koo kwenye huo usukani, nitakuwa nimeliokolea nini?"

Nilijaribu tena. Nikamwambia basi atangulie yeye na bajaji, mimi nitafuata na gari polepole. Akasema yeye si mtoto. Nikamwambia atajuta. Akasema huenda. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hakusogea. Ukiwa na mama mkwe wa namna hiyo utajua kwamba hakuna kokoto wala reli itakayomhamisha. Nikalisukuma gari kwa msaada wa watu mpaka mbele ya duka moja, nikamwomba mwenye duka alitupie jicho, nikatoa sandukuni karatasi zake za hospitali.

Bajaji tuliipata baada ya kusubiri sana, kisha tukasubiri tena basi barabara kuu. Nilikuwa natazama saa kila dakika na yeye hakuuliza saa ngapi. Tulipofika hospitali jua lilikuwa limeshapinda. Benchi la wodi ya macho lilikuwa tupu. Muuguzi alipekua karatasi, akasema aliitwa, hakuitika, nafasi yake akapewa mgonjwa kutoka Bagamoyo, na mabingwa walikuwa wanafungasha vifaa. Nikaanza kumfokea yule dada. Mama mkwe akanivuta mkono.

"Haya," akasema. "Ameshapewa mwenye shida kama yangu. Tuondoke."

Mume wangu alinipigia jioni ile, na kweli habari ya sanduku ilikuwa imeshamfikia. Alipomaliza kufoka nikampa mama yake simu. Sikusikia aliambiwa nini. Alipoirudisha, mume wangu alikuwa amenywea, akaniomba tu nisiliguse gari.

Tulihangaika na rufaa ya Dar es Salaam. Foleni yake ilikuwa ndefu, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Hatimaye walimfanyia, na daktari akasema kazi imekwenda vizuri, wamelinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga. Anajua mchana na usiku, anajua mtu akipita dirishani, basi.

Baada ya hayo mawakala walipiga simu kwamba spea zimefika, nikakodi gari la kulivuta langu kutoka Soga. Wakanipa soda kwenye chumba cha kusubiri chenye kiyoyozi, na kabla sijaimaliza walikuwa wamebadilisha zote mbili. Nikaomba kuona kijikopo cha zamani cha upande wangu. Fundi alinionyesha kwa mbali, hakuniruhusu kukishika. Kilikuwa kidogo kama kopo la kiwi ya viatu, kizima, kimeshika kutu kidogo pembeni. Nilitaka kukisaga kwa kisigino. Msichana wa sauti tamu akaniomba tena radhi kwa usumbufu, nami nikamwambia asante, kwa sababu ningefungua mdomo zaidi ya hapo nisingeufunga.

Jumamosi nikaenda Mzenga. Majirani waliliona gari wakatoka. Mama mkwe akaja akipapasa bati mpaka kushoto mbele, akafungua, akakuta kiti kitupu, akakaa. Nikamwambia wamebadilisha kwake na kwangu. Akaitika kwa kichwa. Nikajikuta namuuliza kile nilichokuwa nimekibana tangu siku ile, kama anajuta.

"Unataka nikuambie najuta?" akasema.

"Nataka kujua, Mama."

Uso wake ameuelekeza mbele barabarani. "Siku zile ulizokuja baadaye, nilikuwa naona kivuli tu, najua ni wewe kwa sauti. Sura yako niliyobaki nayo ni ile ya Soga. Ulikuwa umenuna vibaya sana, mkwe, lakini shingo yako ilikuwa nzima."